Kabla Hujawalaza Wakwe Zetu Bariadi

Mjukuu wangu, juzi uliniambia kwenye simu kwamba kazi ya kutafuta malazi ya wakwe zetu imekwisha. Umeiona loji moja ya Bariadi mtandaoni, ina mapazia ya rangi ya dhahabu na televisheni pana ukutani, umebakiza kutuma pesa tu. Usitume. Nimechoka, baba, na maneno haya niliwaambia wajomba zako na baba zako wadogo, kila mmoja kwa wakati wake. Nitayarudia kwako taratibu, maana wanaokuja si wapita njia. Wanatoka Tanga, wamempa kaka yako binti yao, na usiku wao wa kwanza katika mkoa huu uko mikononi mwako.

Sababu ya wao kutolala hapa Kasoli naijua na sina neno nayo. Nyumba zetu zimeshajaa ndugu wa upande wetu, na kwetu mkwe na mama mkwe si watu wa kupishana mlangoni alfajiri, mmoja ana ndoo ya maji ya kuoga na mwingine amejifunga kanga. Watalala mjini, asubuhi watakuja kwetu, jioni watarudi kupumzika. Pesa tuliyochanga si ya hoteli ya wakubwa, wala si ya gesti ya kujibanza mpaka kuche. Ni ya kati, elfu thelathini au arobaini kwa chumba kwa usiku, na hapo hasa ndipo nataka utulie unisikilize. Chumba cha bei ya chini ukiingia tu unakiona kilivyo. Cha bei ya juu kina mwenyewe anayeogopa jina lake lisiharibike. Cha kati kimepakwa rangi mwezi uliopita, kina kitanda cha tano kwa sita chenye ubao uliochongwa maua, na yale yatakayomtesa mgeni usiku hayaonekani kwenye picha hata moja.

Nilipokuwa dereva wa malori ya pamba, nikipeleka marobota stesheni ya Malampaka yapakiwe kwenye treni, sisi hatukuwa na cha kuchagua. Bariadi ilikuwa wilaya ya mkoa wa Shinyanga, gesti zilikuwa za kuhesabika, choo uani, kandili mapokezi, na dereva aliyeijali kazi yake alilala juu ya mzigo. Mambo yalibadilika mwaka 2012, Simiyu ilipokuwa mkoa na Bariadi ikawa makao makuu yake. Wakaja watumishi wa ofisi za mkoa, wakaja wakaguzi, watu wa semina, wanunuzi wa pamba. Lami ikafika kutoka Lamadi, na wenye viwanja karibu na barabara wakaona loji ndiyo itakayowatunza uzeeni. Nyingi ni nzuri, siwezi kuwanyima haki yao. Lakini nyingine zilisimamishwa na watu waliojua kujenga nyumba wasijue kumlaza mgeni. Na usibabaike ukiona nyota zimechorwa kwenye bango. Nyota za hoteli hapa nchini hutolewa na Wizara ya Maliasili na Utalii baada ya ukaguzi, kwa vigezo vya pamoja vya Jumuiya ya Afrika Mashariki. Za fundi wa mabango hazijakaguliwa na mtu.

Kila mji una swali lake la kwanza. Dar es Salaam utauliza feni au kiyoyozi, maana joto la Februari halimwachi mtu alale. Lushoto utauliza mablanketi. Mji Mkongwe wa Zanzibar, ukiwa na mzee, utauliza chumba ni cha ghorofa ya ngapi, kwa vile zile nyumba za kale zina ngazi zilizosimama wima. Dada yako aliyesoma China alinisimulia habari za Lhasa, mji wa Tibet ulio zaidi ya mita 3,600 juu ya usawa wa bahari. Hewa ya huko ni nyepesi, mgeni akishuka kichwa kinamgonga na pumzi inamkatika kwa kupanda ngazi chache tu, kwa hiyo anayetafuta hoteli ya bei ya kati huuliza kama kuna oksijeni, kama chumba kina joto usiku, kama atapata chumba cha chini. Mapazia hayamo katika maswali yake. Bariadi swali la kwanza ni maji.

Usiulize kama wana maji. Watakujibu yapo, na saa hiyo kweli yapo. Uliza yanatoka wapi na yanahifadhiwa wapi. Kiangazi chetu huanza Juni, na ikifika Agosti kimeshakaza. Maji ya bomba huja kwa zamu, na wenye uwezo wamechimba visima virefu vya pampu ya umeme. Toka nje ulitazame tenki kwa macho yako, kisha upige hesabu. Loji ya vyumba kumi na viwili, kila chumba watu wawili, ni watu 24. Kila mmoja akitumia ndoo mbili za lita 20, ya kuoga na ya chooni, zimekwenda lita 960. Tenki la lita 1,000 limekauka kabla shuka hata moja haijafuliwa. Ukikuta tenki moja tu la namna hiyo, mshukuru mhudumu uondoke. Ukikuta mawili au matatu ya lita 5,000, angalia kama yamepandishwa juu ya mnara, kwa sababu lililoko juu hushusha maji lenyewe hata umeme ukikatika, na lililokaa chini linangoja pampu, na pampu inangoja umeme.

Ukitoka hapo omba ufunguliwe chumba cha mwisho kabisa wa korido. Fungua koki ya bafuni, na papo hapo vuta maji ya choo. Vyumba vya karibu na tenki hupata maji siku zote, ndiyo maana watakukimbizia hivyo kukuonyesha. Simama pale mpaka choo kijae tena, hata kama mhudumu anachezesha funguo mkononi. Wenzetu wa Tanga ni watu wa swala tano. Mzee wa watu ameamka alfajiri atawadhe, koki ikakoroma bila kutoa tone, hapo utaomba radhi mpaka lini? Na uhakikishe kila bafu lina ndoo kubwa yenye mfuniko na kopo. Chumba self chenye shawa ya kung'aa bila ndoo ni chumba cha mtu ambaye maji hayajawahi kumkatikia akiwa na povu kichwani.

Nenda saa nne asubuhi. Hiyo ndiyo saa ambayo wageni wa jana wameshaondoka, wa leo hawajafika, na nyumba haijajipanga. Omba kupita uani, uzitazame kamba za nguo. Kama usiku walilala wageni wa vyumba kumi wakaondoka, kamba ziwe zimeelemewa na shuka zinazodondosha maji. Ukikuta shuka mbili tatu, ujue vitanda vingine vimekung'utwa vikatandikwa upya, na ule mkunjo mzuri ulioonyeshwa chumbani ni wa shuka aliyolalia mtu jana. Inua mto, uvue foronya, unuse. Mhudumu asipopenda, mwambie ni babu yako amekutuma.

Hapo uani utawakuta mabinti wa kazi. Nataka uwatazame vizuri, maana watu wakitafuta chumba huwapita bila hata salamu. Wengi wao ni watoto wa vijiji hivi hivi vyetu, wa Kasoli, wa Dutwa, wa Nkololo, wa Ngulyati, waliomaliza darasa la saba au kidato cha nne wakakosa pa kwenda. Msalimie kwa adabu, mwambie mwangaluka, umuulize kwao ni wapi na msimu wa pamba umekwendaje. Usimhoji, ongea naye. Haitapita muda utajua analala wapi na amelala saa ngapi.

Kuna loji ambako binti mmoja ndiye anafua asubuhi, ndiye anapiga deki mchana, ndiye anapokea wageni jioni, ndiye anaamka saa nane usiku kumfungulia geti aliyetoka kunywa, na kitanda chake ni mkeka nyuma ya kaunta. Mtoto huyo hajalala wiki nzima. Mama mkwe akibisha usiku aombe ndoo ya maji ya moto, atafunguliwa na mtu ambaye hajui kama ameamka au anaota. Na kuna loji ambako wako wawili au watatu, wanapokezana zamu, wana chumba chao chenye neti, mshahara wao hauvuki mwezi, na ukikaa pale utawasikia wanaimba wakikung'uta magodoro. Chagua hiyo, hata kama mapazia yake yamepauka. Hili nakusihi kuliko mengine yote niliyosema na nitakayosema. Mwenye nyumba asiyejali usingizi wa binti anayemletea riziki, usitegemee ataujali usingizi wa mgeni wako kwa sababu ya elfu arobaini.

Halafu rudi usiku. Najua utasema babu anakusumbua, mafuta ya pikipiki bei juu, lakini rudi, saa tatu usiku, siku ya Ijumaa au Jumamosi. Nyumba iliyokuwa kimya asubuhi huenda imepakana na baa, spika mbili zimeelekezwa kwenye madirisha ya vyumba, na jiko la kitimoto linafuka chini ya dirisha lile lile uliloambiwa lina hewa nzuri. Sina ugomvi na anayekula. Lakini huwezi kumtoa mzee wa Kiislamu Tanga, safari ya siku nzima na zaidi barabarani, akafungua dirisha apate upepo akaingiziwa moshi huo. Uliza pia chai ya asubuhi inapikwa jiko gani na kwa sufuria zipi. Ukiona wanaumauma maneno, usiwashike shati. Tafuta mama ntilie Mwislamu, hata pale karibu na msikiti watakuelekeza, mpange naye chai ya maziwa, chapati na supu ya kuku zipelekwe pale kila asubuhi. Haitazidi sana gharama, na wakwe watakula kwa amani.

Ukiwa kaunta, tupia jicho kitabu cha wageni. Kila nyumba ya kulala wageni hutakiwa kuwa nacho: jina, utokako, uendako, namba ya kitambulisho, sahihi. Majina ya watu hayakuhusu, usiyasome. Tazama tu kama kinajazwa, kama tarehe zinafuatana, kama mwandiko unasomeka. Nyumba ambayo watu wanaingia na kutoka kila baada ya saa moja bila kuandika popote, wewe ni mtu mzima, unajua inapangisha nini. Usiwapeleke wakwe zetu huko wasikie milango ikifunguliwa na kufungwa usiku kucha, na siku ambayo polisi watapita na ukaguzi wao, mama wa watu agongewe mlango na tochi usoni.

Stendi nayo uiepuke. Vijana mnapenda kusema ni karibu na stendi, mgeni akishuka basi amefika. Anafika, ndiyo, ila saa kumi na moja alfajiri mabasi ya safari ndefu yanaanza kupiga honi na wapiga debe wanaanza kuita. Mgeni wa usiku mmoja anayedamka na basi hilo itamfaa. Hawa watakaa siku nne. Watafutie mtaa wa ndani kidogo, gari lifike mlangoni, lakini malori yasilale hapo.

Sasa kuhusu tarehe. Mmeipanga shughuli wiki ya Nane Nane na hakuna aliyeniuliza. Viwanja vya Nyakabindi viko hapo hapo Bariadi. Sherehe za kitaifa zilifanyika pale mwaka 2018, zikarudi 2019 na 2020, na vyumba mjini vikawa adimu. Hata ikiwa ya kanda tu, wanakuja waonyeshaji kutoka Mara na Shinyanga, wanakuja watu wa makampuni ya mbegu na madawa, wanakuja viongozi na misafara yao, na kuanzia siku za mwisho za Julai mwenye loji anapokea simu mpaka inamwishia chaji. Wakati huo huo wanunuzi wa pamba bado wako mjini. Bei uliyotajiwa Juni si lazima iwe hiyo Agosti, na chumba ulichoahidiwa kwa mdomo kitakwenda kwa aliyefika na fedha mkononi. Kwa hiyo usingoje. Ukiridhika, lipa kishika nafasi, na andikiana na mwenye nyumba mwenyewe au meneja: tarehe ya kuingia, tarehe ya kutoka, namba za vyumba, bei ya kila usiku, chai ya asubuhi imo au haimo. Ukituma kwa simu, angalia jina linalojitokeza kabla hujabonyeza namba ya siri, liwe ni jina la mtu au kampuni uliyokabidhiana nayo mkono. Na siku ya kumalizia udai risiti ya mashine, si karatasi iliyochanwa kwenye daftari. Bei nayo izungumzie. Vyumba vinne kwa siku nne si mzigo mdogo kwa loji ya kati, mwenye akili atapunguza kitu, lakini usimkamue hadi aanze kutafuta pa kufidia kwenye sabuni na mafuta ya jenereta.

Mengine nitayapitia haraka, yanajulikana. Godoro likalie pembeni, kisha katikati, usilibonyeze kwa kiganja tu. La inchi nane lililo zima linatosha, na kama ubao wa chaga umekatika utausikia. Neti ishushe yote, uinyanyue kuelekea mwanga wa dirisha uone matundu, na uhakikishe inafika chini ya godoro pande zote, maana malaria ya huku haijali mtu ametoka wapi. Dirishani kuwe na wavu. Mlango uwe na komeo la ndani mbali na kitasa, kwa sababu vitasa vya loji vimepita mikononi mwa watu wengi. Hita ya shawa iwashe mwenyewe na uitazame waya zake. Ukiona kiungo kimefungwa kwa gundi ya umeme tu juu ya kichwa cha mwogaji, mwambie meneja aizime kabisa kwenye vyumba vyetu, tutaomba maji ya moto ya ndoo. Usiku wa Agosti ni baridi kidogo kwa mtu wa pwani, kwa hiyo blanketi moja moja liongezwe, na lifuliwe kabla, siyo lile lililokaa kabatini tangu msimu uliopita.

Vyumba vyenyewe usivigawe kwa kubahatisha siku hiyo. Bibi yao, nasikia magoti yanamsumbua, apate chumba cha chini chenye choo cha kukaa, na kiwe jirani na chumba cha binti yake, si upande wa pili wa ua. Mzee apate chumba ambacho ataweza kutandika mswala bila kusogeza meza. Ulizia upande wa kibla mapema ili asiulize yeye. Vijana wao waweke pamoja, wao hata kelele hawazisikii. Na kile chumba cha mwisho wa korido, kama maji yake yalikutia shaka, kichukue wewe ulale humo usiku wa kwanza. Unatakiwa uwe pale, si Kasoli, ili umeme ukikatika saa sita usiku wamwone mtu wanayemfahamu amesimama na taa, anaulizia jenereta.

Bibi yako ameshaanika matobolwa na amekaanga karanga. Vifungashio vinne, kimoja kila chumba, pamoja na katoni ya maji ya kunywa, uvipeleke kabla hawajafika. Weka na kandambili mpya chumbani, zile za loji usizitegemee. Binti wa zamu ya usiku mpe chochote mkononi siku ya kwanza, sio ya mwisho, na umwombe jina lake ili mama mkwe aweze kumwita.

Tafuta loji mbili za kulinganisha, zisizidi, maana ukizidisha utachanganyikiwa uishie kuchagua kwa mapazia. Ukishazipata nipigie jioni baada ya swala ya Isha. Nitamwomba mjomba wako wa Somanda aende nawe mara ya pili, yeye ana gari na anafahamiana na wenye nyumba wengi pale mjini.